Stepla Inabaki

Kwenye gemu la Void Bastards anayekufa si wewe. Ni mfungwa, na wafungwa wako wengi.

Gemu lenyewe lilitoka Mei 2019. Limetengenezwa na studio ndogo ya Australia iitwayo Blue Manchu, na jina lake ni tusi, kwa hiyo nyumbani naliita tu "lile la meli". Hadithi yake inaelezeka haraka. Meli ya magereza imekwama angani, ndani ya wingu kubwa la vumbi linaloitwa Sargasso. Wafungwa wake wamekaushwa kama dagaa na kutiwa kwenye pakiti. Mashine inayosimamia meli huchagua pakiti moja, humrudishia mfungwa maji mwilini, humwamsha, kisha humtuma kwenye meli nyingine zilizokwama humo humo, akachukue chakula, mafuta na vipuri. Huko ndani hewa ni ya kuhesabu, na raia waliobaki wameshageuka viumbe vinavyokushambulia vikikuona. Akifa, mashine inafungua pakiti nyingine. Haisemi pole.

Ila vitu vinabaki. Silaha aliyoiunda marehemu inamsubiri mrithi wake kama koti lililotundikwa mlangoni. Moja ya silaha hizo ni stepla, ile ile ya kubania karatasi ofisini, iliyofanywa bunduki. Mfungwa wa tatu anaitumia, wa nne anaikuta, wa tisa anaiboresha. Kama kuna shujaa katika gemu hili ni hiyo stepla.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na muhula mzima semina yetu ilikuwa juu ya bahari: meli, mikataba, orodha za shehena. Usiku nilicheza, mchana nilisoma, na baada ya wiki chache nikaona kwamba gemu na masomo vinazungumzia jambo moja: hesabu ambayo ndani yake kitu kina mstari wake na mtu hana.

Kuiona hesabu hiyo ilivyoingia kwenye magemu, inabidi turudi nyuma kabla sijazaliwa. Mwaka 1980 hivi, wanafunzi wawili wa chuo kikuu huko Santa Cruz, California, Michael Toy na Glenn Wichman, walitengeneza mchezo walioupa jina Rogue. Baadaye Toy alihamia Berkeley, na Ken Arnold akajiunga na kazi hiyo. Haukuwa na picha. Mchezaji alikuwa alama ya @ inayotembea kwenye vyumba vilivyochorwa kwa nukta na mistari, akishuka chini kutafuta hirizi ya Yendor. Kila ukianza, kompyuta ilipanga vyumba upya, kwa hiyo hakuna aliyeweza kukariri njia. Na ukifa, umekufa. Ungeweza kuhifadhi mchezo ukalale, lakini ukirudi na kulifungua faili, faili lilifutwa, ili usiweze kufa halafu ukajifanya hujafa. Mwaka 1983 mchezo ulisambazwa pamoja na mfumo wa BSD Unix uliotumika vyuoni, na tangu hapo umezaa ukoo mkubwa. Leo ukoo huo una magemu ya kadi, ya vita, na haya ya kuvamia meli huku ukifyatua risasi.

Kinachonivutia Rogue ni ukali wake. Ile @ ikifa, inaondoka na kila kitu: upanga, chakula, dhahabu, ramani kichwani. Hakuna stoo. Hakuna anayerithi. Kwa hiyo kifo cha yule mmoja kinauma, ingawa hana hata uso. Nimewahi kukaa dakika nzima nikiitazama skrini kwa ajili ya herufi.

Wazao wa Rogue walilegeza hilo polepole, na sababu yake si ngumu: watu huchoka kuanza sifuri. Wakaruhusu kitu kidogo kivuke kutoka maisha haya hadi yanayofuata. Kwingine ni ujuzi, kwingine ni fedha, kwingine ni silaha mpya inayofunguka. Wachezaji wengi huona hayo ni maendeleo tu, kama feni kwenye chumba cha joto. Void Bastards inafanya jambo ambalo naliona la uaminifu zaidi. Inauliza: kama vitu vinavuka na mtu havuki, huyo mtu ni nani kwa huyo anayemtuma? Inajibu: ni mfungwa, ametoka kwenye pakiti.

Jina la Sargasso halikuokotwa. Bahari ya Sargasso ipo kweli, katikati ya Atlantiki, imejaa mwani unaoelea, na mabaharia walisimulia kwa karne nyingi kwamba meli hunasa humo na kuoza na watu wake. Mwaka 1931 Edmond Hamilton, mwandishi wa Marekani, aliipeleka bahari hiyo angani katika hadithi aliyoiita "The Sargasso of Space": mahali ambapo vyombo vilivyoharibika hukusanyika vyenyewe. Andre Norton naye akakipa kitabu chake jina hilo mwaka 1955. Wazo likazoeleka. Meli mfu ni duka lisilo na mwenye duka.

Lakini duka hilo lina sheria zake, na zimekuwepo tangu zamani kabla ya hadithi za anga. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi.

Tarehe 7 Novemba 1872 meli ya matanga iitwayo Mary Celeste iliondoka New York kwenda Genoa, Italia, na mapipa 1,701 ya spiriti. Ndani walikuwemo watu kumi: nahodha Benjamin Briggs, mkewe Sarah, binti yao Sophia mwenye miaka miwili, na mabaharia saba. Mtoto wao mkubwa, Arthur, aliachwa kwa bibi yake. Mwezi mmoja baadaye, kati ya visiwa vya Azores na pwani ya Ureno, meli nyingine, Dei Gratia, iliiona ikienda mrama, matanga yamechanika. Oliver Deveau, msaidizi wa nahodha, alipanda na wenzake. Mashua haikuwepo. Watu hawakuwepo. Shehena ilikuwepo. Daftari la safari lilikuwa limeandikwa mara ya mwisho tarehe 25 Novemba.

Ukisoma ushahidi wa Deveau baada ya kucheza gemu hili utashtuka jinsi unavyofanana na kuingia meli mfu. Anataja maji yaliyoingia, pampu, chakula kilichosalia, vyombo vya kuongozea meli, nguo za mke wa nahodha, kinanda chake. Kisha anataja kitanda: juu yake palikuwa na mbonyeo, kana kwamba mtoto alikuwa amelala hapo.

Meli ilipelekwa Gibraltar, na mahakama ikaanza kusikiliza. Wengi wanaijua Mary Celeste kama fumbo; kumeandikwa mambo ya mapweza, majambazi na tetemeko la bahari. Wachache wanajua kesi ilikuwa ya nini. Ilikuwa madai ya malipo. Kwa sheria za bahari, anayeokoa meli na shehena iliyo hatarini hudai zawadi kulingana na thamani ya alichookoa. Mwanasheria mkuu wa Gibraltar, Frederick Solly-Flood, aliamini kuna mauaji, akazichunguza mbao na upanga akitafuta damu. Hakuthibitisha kitu. Mwaka 1873 mahakama iliwapa waokoaji paundi 1,700, ambayo ni kama sehemu moja ya sita ya bima ya meli na shehena. Meli ikarudishwa kwa wenyewe, shehena ikafika Genoa. Kila pipa lilikuwa na mtu wa kuliulizia mbele ya hakimu. Wale kumi hawakuonekana tena, na hakuna aliyekuwa na dai kwa niaba yao.

Nilidhani huo ni ukatili wa zama zile, hadi nilipopitia Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji wa mwaka 1989. Kifungu cha 16 kinasema mtu aliyeokolewa maisha yake hadaiwi malipo. Aliyemwokoa anaweza kupewa fungu la haki kutoka kwenye malipo ya yule aliyeokoa mali katika ajali hiyo hiyo. Yaani kama mali yote imezama na wewe umetoka na watu peke yao, hakuna malipo ya kugawana. Sababu yake ni nzuri, nami naiheshimu: uhai hauuzwi, na kuokoa watu ni wajibu, siyo biashara. Ila angalia matokeo kwenye karatasi. Kwa kuwa mtu hana bei, hana mstari.

Na anapopewa bei, je? Hapo Australia inaingia kwa mlango wake wenyewe. Koloni la Waingereza huko lilianza mwaka 1788 kwa meli za wafungwa. Kundi la pili la meli, lililofika Sydney Juni 1790, lilikabidhiwa kwa kampuni ya Camden, Calvert & King, watu waliokwisha kufanya biashara ya watumwa. Serikali ililipa paundi 17, shilingi 7 na peni 6 kwa kila mfungwa aliyepandishwa melini. Kupandishwa, kuteremshwa akiwa hai halikuwa sharti. Katika meli tatu za Neptune, Surprize na Scarborough walikuwemo wafungwa kama elfu moja, na karibu robo yao walikufa njiani kwa njaa, kiseyeye na homa, wengine wakiwa bado kwenye pingu. Kapteni William Hill, askari aliyesafiri na Surprize, aliandika kwa hasira kwamba biashara ya watumwa ilikuwa na huruma zaidi, kwa sababu mwenye watumwa angalau alikuwa na faida katika kuwafikisha wakiwa hai. Hapa, alisema, kadiri mfungwa alivyonyimwa chakula ndivyo nahodha alivyobaki na cha kuuza. Nahodha wa Neptune, Donald Trail, alishtakiwa London kwa mauaji mwaka 1792 na akaachiwa huru.

Sidai kwamba Blue Manchu waliketi na barua ya Hill mezani. Hawakuhitaji. Ukitengeneza gemu Canberra kuhusu meli ya wafungwa ambao wakubwa wanawahesabu kwa pakiti, historia imeshakaa kwenye kiti kabla hujaialika.

Kuna jambo jingine linalohusu ukoo wa watu hawa. Mwanzilishi wa studio hiyo, Jonathan Chey, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Irrational Games waliotengeneza System Shock 2 mwaka 1999. Hilo nalo ni gemu la kuzunguka ndani ya chombo cha angani kilichoharibika, Von Braun, ambacho watu wake wamevamiwa na kiumbe kutoka sayari ngeni. Lakini mle ndani wafu wanaongea. Kila kona unakuta kinasa sauti, mtu anaeleza alichokiona, anamwaga mpenzi wake, anaonya wenzake. Ukimaliza unawajua kwa majina. Miaka 20 baadaye, mtu yule yule anatengeneza meli mfu nyingine, na wanaotumwa kufa ndani yake hawaachi hata sentensi. Wanaacha stepla.

Mwenzangu mmoja wa semina alinipinga nilipoyasema haya. Alisema gemu linafanya mzaha na ukatili huku likitulipa kwa kuushiriki. Kwamba raha yake yote inategemea kutomlilia mfungwa. Ni kweli, na si hoja ndogo. Nikipata kipuri nilichokitafuta kwa saa nzima halafu nikafa nikitoka, ninachosikia ni furaha, kwa sababu kipuri kinahesabika. Nimekuwa karani wa Camden, Calvert & King nikiwa nimevaa kandambili. Lakini nilimwambia kwamba kitabu kingenieleza karani huyo alikuwa mtu mbaya. Gemu limenionyesha jinsi kazi yake ilivyokuwa nyepesi, jinsi jioni yake ilivyopita bila kelele, na kwa nini angelala vizuri.

Tangu hapo nina daftari. Kila mfungwa anapoamshwa gemu hulitaja jina lake na kasoro za mwili wake, nami nayaandika kabla hajatoka, kisha naongeza alipofia. Safu ni tatu tu, na nakataa kuweka ya nne ya alichorudi nacho. Wa kumi na nne alikuwa mvutaji sigara. Alikuwa amejibanza nyuma ya mlango, adui wanapita bila kumwona, ndipo akakohoa. Nimeandika: kikohozi, mlango wa pili kushoto. Wa kumi na tano ameshatiwa maji, anasubiri nimalize kuandika.