Maulizo ya Karatasi na Maumivu ya Moyo

Mwenye homa tunamgusa mwili, tunasikia moto. Lakini mwenye kuumwa moyoni tutampimia nini? Lazima maneno yake mwenyewe. Basi tuone jinsi watu walivyojifunza kumwuliza.

Katika vita vikubwa vya 1914-1918, askari wengi walitoka vitani bila kidonda, walakini walitetemeka, usingizi uliwakimbia, wengine wakawa bubu. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, wakubwa wake walitaka kuwatambua mapema wale wasioweza kuvumilia. Kusema na askari mmoja mmoja kulihitaji siku nyingi mno. Bwana Robert Woodworth, mwalimu wa Columbia University huko New York, akatunga karatasi yenye maulizo 116 ya kujibu ndiyo ao hapana. Ulizo ambalo hata wenye afya wengi walilijibu kama wagonjwa, aliliondoa. Vita vikaisha mwaka 1918 karatasi ingali haijatumika, lakini njia ile ikabaki.

Shida moja ikaonekana: karatasi haimtazami mtu usoni. Mwenye haya anaficha, mwenye kutafuta faida anaongeza. Mwaka 1943 Hathaway na McKinley wa Minnesota walitoa maulizo yao, zaidi ya 500. Ndani yake walichanganya machache juu ya makosa madogo ambayo kila mtu anayo. Anayeyakana yote, hata majibu yake mengine hayaaminiwi upesi.

Shida ya pili ni lugha. Maulizo ya Ulaya na Amerika yakigeuzwa maneno tu, pengine hayamfikii mtu moyoni. Huko Harare, katika inchi ya Zimbabwe, wengi wanaita taabu yao kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Kwa hiyo Vikram Patel na wenzake walikusanya maneno ya watu wenyewe, wakatoa mwaka 1997 maulizo 14 ya Kishona. Tangu 2006 mabibi wazee waliofundishwa kazi hiyo wanaketi na mgonjwa juu ya benchi, wanamwuliza, kisha wanamsikiliza.

Tufahamu basi: kuhesabu majibu hakuponyi mtu, kunatuonyesha tu mlango wa kubisha. Tunamwuliza jirani habari, naye anajibu nzuri, tunapita. Je, tumemwuliza kweli? Tusimame kidogo, tumwulize mara ya pili kwa maneno anayoyatumia yeye, na tungoje jibu.