Kwa Nini Stelingi wa Kike Hudaiwa Sababu

Mwaka 1914 kampuni ya Kalem ya Marekani ilianza kutoa filamu fupi za mfululizo zilizoitwa The Hazards of Helen. Helen alikuwa karani wa telegrafu katika kituo cha reli. Majambazi wakivamia treni, yeye ndiye aliyewafukuza, akaruka kutoka behewa hadi behewa na kuizuia injini isiyo na dereva. Mfululizo huo ulidumu hadi 1917 na kufikia vipande 119, na waigizaji wake wakuu, Helen Holmes na baadaye Helen Gibson, walicheza wenyewe mengi ya matukio ya hatari. Mwaka huohuo wa 1914 Pearl White aliigiza katika The Perils of Pauline kama Pauline, msichana mwenye urithi mnono aliyetaka kwanza kuiona dunia na kuiandika, ndoa ije baadaye. Katika filamu hizi hakuna jeraha la zamani linaloeleza ujasiri wa wasichana hao. Helen anapigana kwa kuwa reli ni kazi yake, Pauline kwa kuwa ana hamu ya kujua. Ukizijua filamu hizi, ile habari inayotangazwa karibu kila muongo, kwamba sasa mwanamke naye ameingia kwenye picha za mapigano, utaipokea kwa kicheko kidogo. Aliingia zamani. Kilichobadilika ni masharti aliyowekewa baada ya hapo.

Uhakiki wa kifeministi haukuyaanzia masharti hayo, ulianzia kwenye jicho. Mwaka 1975 Laura Mulvey wa Uingereza alichapisha katika jarida la Screen insha iliyodai kwamba filamu za Hollywood zimejengwa juu ya mgawanyo: mwanamume hutazama na kutenda, mwanamke hutazamwa. Kamera, shujaa na mtazamaji huungana kuwa jicho moja, nalo ni la kiume. Hoja hiyo ilifaa kwa filamu alizozichambua, lakini ilipwaya mwanamke alipoanza kushika bunduki na kuisogeza hadithi mwenyewe. Yvonne Tasker, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu miili ya mashujaa wa filamu za mapigano, alionyesha kwamba mwanamke mwenye misuli huvuruga mpaka wenyewe kati ya uume na uke. Nakubaliana naye, ila naona kuna swali la mbele zaidi kuliko jinsi kamera inavyomtazama: filamu imemruhusu kwa sababu gani apigane? Kwa sehemu kubwa ya miaka hamsini iliyopita Hollywood imemdai mwanamke sababu, na sababu inayopokelewa kwa urahisi ni kwamba ameumizwa, au kwamba ni mama.

Chukua Alien ya mwaka 1979. Mswada wake wa awali ulieleza kwamba nafasi zote za wafanyakazi wa chombo zingeweza kuigizwa na mwanamume au mwanamke. Ndivyo Ripley wa Sigourney Weaver alivyopatikana: ofisa anayejua kanuni za kazi. Ushujaa wake wa kwanza ni wa kiofisi kabisa, anakataa kufungua mlango kwa mwenzake aliyeshikwa na kiumbe, kwa kuwa karantini inakataza. Anapuuzwa, mlango unafunguliwa na mwingine, nao karibu wote wanakufa. Miaka saba baadaye, katika Aliens ya James Cameron, Ripley anapewa mtoto yatima wa kumwokoa, na pambano la mwisho linakuwa la mama dhidi ya mama: yeye na malkia wa viumbe. Katika toleo refu la filamu hiyo yamo hata maelezo kwamba bintiye wa kumzaa amefariki akiwa mzee wakati Ripley amelala angani. Aliens ni filamu nzuri, pengine inasisimua kuliko ya kwanza, lakini ofisa amegeuzwa mama ili hasira yake ieleweke. Furiosa naye yalimkuta hayohayo. Katika Mad Max: Fury Road ya 2015 maisha yake ya nyuma yanapita katika sentensi chache, kwamba aliibwa akiwa mtoto na mama yake akafa. Mwaka 2024 ikatengenezwa filamu nzima ya zaidi ya saa mbili kutuonyesha wizi huo, kifo cha mama huyo na kisasi kilichofuata.

Mtu atasema wanaume nao hulipiza kisasi. Ni kweli. Schwarzenegger katika Commando ya 1985 anamwokoa binti yake, Liam Neeson katika Taken anafanya vivyo hivyo, na katika John Wick ya 2014 yote yanaanza kwa mbwa aliyeachwa na mke marehemu. Lakini tazama tofauti mbili. Kwanza, mwanamume ana mlango wa pili. James Bond amekuwa akipigana kwenye sinema tangu 1962 kwa sababu moja inayotosha, ameajiriwa, na kwa miongo kadhaa hakuna aliyehitaji kujua alivyolelewa. Pili, hata mwanamume anapolipa kisasi, aliyeumia kwa kawaida ni mke au binti. Shujaa wa kiume hupigana kwa kuwa mwanamke ameumizwa, na shujaa wa kike hupigana kwa kuwa yeye mwenyewe ameumizwa. Injini mbili hizo zinatumia mafuta yaleyale, mwili wa mwanamke.

Kwamba mambo yangeweza kuwa vingine tunajifunza Hong Kong kuliko Hollywood. Katika Come Drink with Me, filamu ya King Hu ya mwaka 1966, Cheng Pei-pei ni Golden Swallow, anayetumwa kumkomboa kaka yake aliyetekwa na majambazi. Undugu upo, lakini anaingia kwenye nyumba ya wageni kama mjumbe wa serikali mwenye utulivu wa kutisha, na maadui wanamwogopa kwa ustadi wake. Kasoro ipo: nusu ya pili ya filamu inamsogeza pembeni kumpisha bingwa mlevi, na katika ile iliyofuata, ya 1968, jina la filamu ni lake ilhali hadithi inaongozwa na Jimmy Wang Yu. Hata hivyo mlango ulibaki wazi. Katika Yes, Madam ya 1985 Michelle Yeoh na Cynthia Rothrock ni askari polisi, na wanapiga watu kwa kuwa wako kazini, basi. Halafu mwaka 2000, katika Crouching Tiger, Hidden Dragon ya Ang Lee, Cheng Pei-pei akarudi kama adui, Jade Fox. Alimwua bwana wa shule ya mapigano ya Wudang, aliyekubali kulala naye lakini akakataa kumfundisha upanga. Naye ameumizwa, ila anachokidai ni elimu aliyonyimwa, na kwangu hakuna sababu kali kuliko hiyo katika aina nzima ya filamu hizi.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watazamaji wenyewe. Katika insha yake ya 1992 mhakiki bell hooks alimkumbusha Mulvey kwamba wanawake weusi hawakuwahi kutazama sinema kama walivyotarajiwa. Walitazama kwa ubishi, wakichukua kinachowafaa na kukataa kingine. Kwa mfano, Pam Grier katika Coffy ya 1973 ni muuguzi anayelipa kisasi cha mdogo wake aliyeharibiwa na dawa za kulevya, na kamera haimhurumii, inamvua nguo mara kwa mara. Bado wapo waliomwona kwanza kama mwanamke mweusi asiyesubiri kuokolewa. Yeyote aliyekaa kwenye kibanda umiza akisikia filamu ikisimuliwa upya kwa Kiswahili anajua kwamba hadithi iliyotoka studio na hadithi inayomfikia mtazamaji zaweza kuwa vitu viwili. Hilo halifuti hoja. Mtazamaji hodari hujipatia riziki hata kwenye meza ndogo, lakini aliyepanga meza bado anaulizwa.

Wengine watasema ukatili dhidi ya wanawake ni kweli, na kuuficha ni uongo. Sawasawa. Wakati wa kutengeneza Fury Road, mwongozaji wake George Miller alimwalika mwandishi Eve Ensler, aliyekuwa amefanya kazi na manusura wa ubakaji Bukavu, mashariki mwa Kongo, aende Namibia kuzungumza na waigizaji. Matokeo yanaonekana. Wake watano wa dikteta wa filamu hiyo wametendwa vibaya, tunajua, na filamu haituonyeshi tendo hilo hata mara moja. Inatuonyesha wakikata minyororo. Ninachokilalamikia ni jeraha kugeuzwa leseni ya kupigana, si kutajwa kwake.

Ndiyo maana The Woman King ya 2022 inanisumbua kuliko filamu mbovu. Agojie wa ufalme wa Dahomey, Afrika Magharibi, hawakubuniwa na mtu. Walikuwa askari wa kike wa kudumu wa mfalme, na katika vita vya miaka ya 1890 walikabiliana na jeshi la Ufaransa. Aliyeiongoza filamu ni mwanamke, Gina Prince-Bythewood, na mazoezi ya kikosi yameonyeshwa kwa uzito: kupanda ukuta wa miiba, kutii amri, kuchoka. Halafu jemadari Nanisca, aliyeigizwa na Viola Davis, anapewa siri: alibakwa akiwa mateka, akazaa, akamtoa mtoto, na mtoto huyo ndiye kuruta wake Nawi. Adui wa mwisho ni yule mbakaji. Dahomey ilikuwa na biashara ya watumwa ya kubishania, mfalme wa kushauri, dola jirani ya Oyo ya kupigana nayo. Ofisa wa jeshi alikuwa na kazi ya kutosha. Filamu inaijua kazi hiyo na kuionyesha vizuri kwa karibu nusu ya urefu wake, kisha inasita, kana kwamba jemadari wa kike aliyepigana kwa kuwa ni jemadari asingeaminika bila cheti cha maumivu.