Ayala Amechorwa, Watu Wako Wapi?

Ukisoma Zaburi ya 42 utakutana na ayala. Hapa Isiolo hayupo. Sisi tuna swala twiga na choroa. Ayala dume ana pembe zenye matawi, zinaanguka kila mwaka na kuota upya. Namleta hapa kwa sababu picha zake za zamani zinafanana mno na picha za mbuga zetu ninazoona kila siku kwa simu.

Mwaka 1838 Mwingereza William Scrope alitoa kitabu kuhusu kuwinda ayala huko Scotland, na ndugu wawili, Edwin na Charles Landseer, wakakichorea picha. Baadaye, mnamo 1851, Edwin akachora The Monarch of the Glen: dume mmoja mlimani, kifua mbele, ukungu nyuma yake, anaangalia mbali kama chifu anayengoja baraza linyamaze. Mchoro mkali, sikatai. Mnyama ambaye matajiri walimpiga risasi kila msimu amepewa heshima ya mfalme. Sasa tafuta nyumba kwenye hiyo picha. Tafuta moshi, mbuzi, mtoto. Hakuna.

Na watu walikuwepo bana! Milima ile ilikuwa na familia nyingi zilizoongea Kigaeli. Tangu mwisho wa miaka ya 1700 wenye ardhi walizifukuza ili wafuge kondoo, na baadaye maeneo makubwa yakageuzwa ya kuwindia. Wengi walipanda meli kwenda Kanada. Kwa hivyo mchoraji hakuhitaji kumfuta mtu. Kazi hiyo ilishafanywa.

Wawindaji wakafika hadi kwetu. Mwaka 1892 Mmarekani tajiri, William Astor Chanler, alianza safari kutoka pwani, akaufuata mto Ewaso Ng'iro hadi kinamasi cha Lorian, mizigo ikibebwa na wapagazi. Mwenzake, Ludwig von Höhnel, alijeruhiwa vibaya na kifaru mwaka 1893. (Huyo kifaru hakuwa amesoma Scrope.) Hadi leo maporomoko ya mto huo yanaitwa ya Chanler, kana kwamba wafugaji walikuwa wakinywesha ng'ombe maji yasiyo na jina.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Lakini fungua matangazo ya Samburu, Buffalo Springs au Shaba: swala twiga amesimama kwa miguu miwili akila mgunga, nyuma yake kimya. Mchungaji yuko hapo karibu tu, ameachwa nje ya picha. Halafu siku tunapobishana kuhusu malisho na mipaka ya hifadhi, anaonekana kama mvamizi, kwa sababu kila mtu ameshaona kwa macho yake kwamba pale hapakuwa na mtu.

Wenzangu wenye kamera, mchungaji akipita jioni mbele ya twiga wenu, msimwambie asogee.