Simba wa ndani ya basi

Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inaikatiza. Abiria mwenye bahati humwona simba dirishani. Asiyebahatika na amuulize jirani yake jina. Akiitwa Asadi, Haidari au Abasi, basi kaketi na simba. Kiarabu kina majina tele ya mnyama huyu: Asadi ni simba tu, Abasi ni yule aliyekunja uso, na Usama naye yumo. Leo wa kiti cha nyuma (si ile ya jana na kesho) katoka Kilatini. Leonard ni hodari kama simba. Ariel wa Kiebrania, simba wa Mungu. Kalasinga naye ana Singh, jina walilopewa wanaume wa jumuiya yao ya Khalsa mwaka 1699, kutoka Kisanskriti “simha”. Linafanana mno na simba wetu, lakini hawana undugu. Wetu ni Mbantu halisi. Naye yupo kama jina la ukoo, ila ukilitaja sokoni Kilosa, wengi watadhani unaizungumzia klabu iliyoacha kuitwa Sunderland mwaka 1971.