Wenye nyumba wa Marereni na sheria ya kodi ya 1959

MARERENI ni mji mdogo ulio kaskazini mwa Malindi, katika eneo la Magarini, Kaunti ya Kilifi, kando ya barabara iendayo Garsen na Lamu. Mabwawa ya chumvi yaliyotanda kutoka Gongoni hadi Kurawa ndiyo yaliyowaleta vibarua huko, na vibarua wanahitaji mahali pa kulala. Hivyo mwenye kipato kidogo hujenga vyumba vya safu, vya udongo na makuti au vya matofali na mabati, akawapangisha.

Mwenye nyumba wa aina hii huenda hajui kuwa biashara yake inasimamiwa na sheria iliyotungwa kabla ya uhuru. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, ni ya mwaka wa 1959. Inahusu nyumba za makao ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kiasi hicho kimebaki pale pale kwa miongo kadhaa, ilhali bei ya saruji, misumari na mabati haikumngoja mtu.

Hapo ndipo kichekesho cha sheria hii kilipo. Mwenye jumba la ghorofa Nairobi au Nyali, anayetoza maelfu kwa makumi, hagusiki nayo. Anayebanwa ni mjane mwenye vyumba vinne vya udongo, kila kimoja Sh1,500. Sheria iliyokusudiwa kumkinga mpangaji maskini sasa inamdhibiti hasa mwenye nyumba maskini.

Chini ya sheria hiyo, kila nyumba ina kodi yake halali. Ikiwa ilikuwa imepangishwa mnamo Januari 1, 1981, kodi ya siku hiyo ndiyo msingi. Ikiwa haikuwa imepangishwa wakati huo, jopo la kodi hukadiria gharama ya ujenzi pamoja na thamani ya kiwanja, kisha kodi huwekwa kwa asilimia maalumu ya jumla hiyo.  

Hesabu ni nyepesi. Ugumu u katika neno kiwanja. Mwaka wa 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi iliyowataka watu wa ukanda wa pwani wawasilishe madai yao. Wamijikenda wengi hawakudai, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa mali ya Taji la Uingereza. Ukanda huo ulipounganishwa na Kenya mwaka wa 1963, iliafikiwa kwamba hati zilizokuwepo ziheshimiwe. Ndiyo sababu pwani ina kitu kisichoeleweka kwa urahisi kwingineko: nyumba bila ardhi. Mtu anamiliki kuta na paa, huku kiwanja ni cha mwingine, ambaye pengine hulipwa kodi ya ardhi, au ni cha serikali.

Magarini kwenyewe mizozo ya ardhi imezidishwa na chumvi. Mwaka wa 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu viwanda vya chumvi, na wakazi wakatoa malalamishi kuhusu kufurushwa. Aliyejenga vyumba vya kupangisha bila hati yu katikati: kwa mpangaji yeye ni bwana, kwa mwenye ardhi yeye mwenyewe ni mpangaji. Marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016 yalimpa kinga kiasi, kwani mtu anayekalia ardhi ya kibinafsi bila idhini hapaswi kuondolewa kabla ya ilani ya maandishi ya miezi mitatu.

Mpangaji asipolipa, yapo mambo ambayo mwenye nyumba hujiamulia, na mengi ni makosa. Kung'oa mlango, kuezua mabati au kutia kufuli ya pili si njia ya kisheria. Kwa nyumba zilizo chini ya Sura ya 296, amri ya kumwondoa mpangaji hutoka kwa jopo, na kwa sababu zinazotambuliwa, kama vile malimbikizo ya kodi. Mali ya mdaiwa hukamatwa chini ya Sura ya 293, kupitia dalali mwenye leseni. Maduka yana sheria yake, Sura ya 301 ya 1965: mpangaji asiye na mkataba wa maandishi hulindwa, na ilani ya kumwondoa au kubadilisha kodi haiwi chini ya miezi miwili.

Wenye nyumba nchini wamelalamika kwa muda mrefu kwamba njia hii ni ndefu na ya gharama, na kwamba mpangaji hukaa bure kesi ikisubiri. Lalamiko hilo lina uzito zaidi kwa mtu wa vyumba vinne, ambaye miezi sita bila kodi humnyima karo ya mtoto. Mwaka wa 2021 mswada wa wenye nyumba na wapangaji ulifikishwa katika Bunge la Kitaifa, ukinuia kufuta sheria hizo tatu na kuweka moja mahali pake. Wamiliki waliupinga wakisema unampendelea mpangaji. Bunge la 12 lilimaliza muhula wake 2022 bila mswada huo kuwa sheria.

Ushuru nao haukusahauliwa. Tangu Januari 2024, kodi ya nyumba za makao inayozidi Sh288,000 kwa mwaka, hadi Sh15 milioni, hutozwa asilimia 7.5, awali ilikuwa asilimia 10. Hutozwa kwa jumla ya mapato, bila kutoa gharama za ukarabati. Mwenye vyumba 10 vya Sh2,000 hupata Sh240,000 na hafikii kiwango hicho. Akipandisha hadi Sh2,500 anafikisha Sh300,000, na ushuru wake ni Sh22,500.