Yoga na sayansi ya mwendo: Mkao ufuate mwili wa mwanafunzi

MKAO mmoja wa yoga ukifundishwa katika darasa la watu 20, huzaa mikao 20. Mmoja huinama akagusa vidole vya miguu bila taabu, wa pili hukomea magotini, na wa tatu hufika chini lakini kwa kuukunja mgongo mithili ya upinde.

Kwa muda mrefu tofauti hizi zilielezwa kwa bidii peke yake. Aliyefika alihesabiwa kuwa hodari, naye aliyeshindwa aliambiwa azidi kujikaza.

Sayansi ya mwendo wa mwili, ambayo huchunguza jinsi mifupa, viungo, misuli na neva zinavyoshirikiana kuuwezesha mwili kusonga, inatoa jibu jingine. Inaonyesha kwamba baadhi ya vizuizi huondolewa na mazoezi, ilhali vingine haviondoki kwa kuwa vimo katika umbo la mfupa wenyewe. Kumlazimisha mtu avuke kizuizi cha aina hii ya pili ni kumtafutia jeraha.

Makala haya yanaangazia misingi ya elimu hiyo na jinsi mwalimu wa yoga anavyoweza kuitumia kuoanisha mikao na mahitaji ya kila mwanafunzi.

CHIMBUKO

Yoga ni elimu ya kale ya Bara Hindi, na jina lake hutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya kuunganisha au kufunga nira. Mafunzo ya Patanjali, ambayo ni mojawapo ya nguzo za falsafa yake, hayana orodha ndefu ya mikao. Yanachosisitiza ni kwamba mtu aketi kwa uthabiti na kwa starehe.

Mingi ya mikao inayofundishwa leo ilienea duniani katika karne ya 20. Tirumalai Krishnamacharya (1888-1989) aliifundisha katika jumba la kifalme la Mysore, kusini mwa India, katika miaka ya 1930. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa B.K.S. Iyengar, K. Pattabhi Jois na Indra Devi.

Iyengar (1918-2014) ndiye aliyepata sifa kubwa kwa kuurekebisha mkao kwa vifaa. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto mgonjwa, akiwa ameugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alitumia viti, mikanda, mablanketi, matofali ya mbao na kamba za ukutani ili wazee na wagonjwa nao wafaidi. Taasisi yake ilifunguliwa mjini Pune mwaka wa 1975.

T.K.V. Desikachar (1938-2016), mwanawe Krishnamacharya, alishika njia nyingine. Alisisitiza kwamba kila mwanafunzi afundishwe kulingana na umri wake, afya yake na hali yake ya maisha.

Desemba 2014, Umoja wa Mataifa ulitangaza Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Nchini Kenya, shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa jijini Nairobi mwaka wa 2007, limewafunza vijana kazi ya ualimu wa yoga.

Kadiri yoga inavyoenea ndivyo darasa moja linavyokusanya kijana, ajuza, mja mzito na mgonjwa wa shinikizo la damu. Hapo ndipo mkao mmoja kwa wote unapogeuka kuwa hatari.

WENZO NA MZIGO

Mtaliano Giovanni Alfonso Borelli (1608-1679) ni miongoni mwa wanasayansi wa kwanza kuueleza mwili kwa kanuni za hesabu na mitambo. Katika kitabu chake kuhusu mwendo wa wanyama, kilichoanza kuchapishwa mwaka wa 1680 baada ya kifo chake, aliitazama mifupa kama nyenzo, viungo kama egemeo na misuli kama nguvu inayovuta.

Kanuni hii ni rahisi kuithibitisha. Ndoo ya kilo tano ikishikwa kwa mkono ulionyooshwa mbele, bega huchoka upesi. Ikisogezwa karibu na kifua, huonekana nyepesi. Uzito haukubadilika, kilichobadilika ni umbali kati ya mzigo na egemeo. Umbali ukipunguzwa nusu, kazi ya kuuzuia mzigo pale begani nayo hupungua nusu.

Mwalimu anayeijua kanuni hii ana chombo cha kurekebisha karibu kila mkao. Mwanafunzi anayejishikilia kwa mikono na vidole vya miguu, mwili ukiwa umenyooka kama ubao, anaweza kuweka magoti chini. Wenzo umefupishwa na mzigo wa kiuno na mabega umepungua, lakini misuli ya tumbo ingali kazini.

Vivyo hivyo, anayeinama akiwa amesimama akinyoosha mikono mbele, mgongo wake wa chini hubeba mzigo mkubwa. Akiweka mikono kiunoni, mzigo hupungua. Akiegemeza viganja kwenye kiti, sehemu ya uzito hubebwa na kiti.

MFUPA HAUNYOOSHWI

Jambo la pili ni kutambua kinachomzuia mwanafunzi. Kwa jumla vizuizi ni vya namna mbili: mvuto wa misuli na tishu laini, na mgusano wa sehemu mbili za mwili zinazobanana.

Mwalimu anaweza kuanza kuvitofautisha kwa kuuliza swali moja: “Unahisi wapi?” Anayeinama mbele akahisi kuvutwa nyuma ya mapaja huenda anazuiwa na misuli, na mazoezi ya polepole yanaweza kumsaidia. Anayehisi kubanwa mbele ya nyonga, mahali paja linapokutana na kiwiliwili, huenda amefika mwisho wa nafasi aliyopewa na maumbile. Dawa yake ni kubadilisha njia, kwa mfano kutanua miguu kidogo, wala si kusukumwa.

Nyonga ni mfano bora. Kichwa cha mfupa wa paja huingia katika shimo la mfupa wa nyonga. Kina cha shimo hilo, upande linakoelekea na msokoto wa shingo ya mfupa wa paja hutofautiana baina ya mtu na mtu. Kwa mtu mzima msokoto huo hukadiriwa kuwa nyuzi 15 kwa wastani, lakini wapo wenye mdogo sana na wapo wenye mkubwa zaidi.

Tofauti hiyo hujitokeza wazi katika mkao wa yungiyungi, ambapo mtu huketi na kila unyayo ukiwa juu ya paja la upande wa pili. Mkao huu hudai paja lizunguke sana kuelekea nje. Nyonga ikikataa na mwanafunzi akauvuta mguu kwa mikono, msokoto hushukia goti. Goti hufanya kazi hasa kama bawaba ya mlango: hukunjika na kunyooka, na huzunguka kidogo tu. Gegedu lililo ndani yake linaweza kupasuka.

Kwa mwanafunzi kama huyo, kukunja miguu kwa kawaida akiwa ameketi juu ya blanketi lililokunjwa hutosha. Na ikiwa hata hilo ni gumu, kiti kinafaa. Lengo la mkao huo ni kuketi wima kwa utulivu, na kiti hulitimiza.

Kwa upande mwingine wapo wanyumbufu kupita kiasi, ambao viungo vyao hulegea na kufika mbali bila jasho. Mara nyingi hao husifiwa darasani, ilhali wanahitaji uangalizi mkubwa. Hawa hufaa kusimama kabla ya kufika mwisho na kuimarisha misuli inayokizunguka kiungo.

AFYA YA MWANAFUNZI

Zipo hali ambazo sayansi imezichunguza na ambazo mwalimu hana budi kuzizingatia.

Ya kwanza ni kudhoofika kwa mifupa, maradhi ambayo huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Mwaka wa 1984, watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani wakiongozwa na Mehrsheed Sinaki walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanawake 59 wenye maradhi hayo kwenye uti wa mgongo. Miongoni mwa waliofanya mazoezi ya kuunyoosha mgongo kuelekea nyuma, asilimia 16 walipata nyufa mpya za pingili. Miongoni mwa waliofanya mazoezi ya kuukunja mgongo kuelekea mbele, idadi ilikuwa asilimia 89.

Kundi hilo la pili lilikuwa na watu wachache, lakini onyo lake limezingatiwa tangu hapo. Mwanamke mwenye mifupa dhaifu hafai kuvutwa akunje mgongo hadi kichwa kiguse magoti. Badala yake, anaweza kuinama kidogo kutoka nyonga mgongo ukiwa umenyooka, au kulala kifudifudi na kuinua kifua taratibu.

Ya pili ni shingo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, uliochapishwa mwaka wa 2015, uliwapima watu wenye uzoefu wa kusimama kwa kichwa. Nguvu ya juu kabisa iliyoshukia kichwa na shingo ilikuwa kati ya asilimia 40 na 48 ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni kilo 28 au zaidi juu ya pingili saba nyembamba. Anayetaka manufaa ya kugeuza mwili anaweza kulala chali na kuegemeza miguu ukutani.

Ya tatu ni macho. Uchunguzi mwingine wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa shinikizo ndani ya jicho hupanda ndani ya dakika moja mtu anapokaa kichwa kikiwa chini ya moyo. Mwenye glakoma anafaa kuiepuka mikao hiyo hadi apate ushauri wa daktari.

Mwenye shinikizo la damu asizuie pumzi anapojikaza, kwa kuwa kufanya hivyo hulipandisha ghafla. Naye mja mzito, hasa katika miezi ya mwisho, asilale chali kwa muda mrefu, maana uzito wa mimba hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Kulala ubavu humfaa.

KAZI YA MWALIMU

Kwa muhtasari, mwalimu huanza kwa kujiuliza mkao unakusudia nini: kuimarisha miguu, kufungua kifua, kujenga usawa au kutuliza akili. Lengo likishajulikana, anaweza kubadilisha urefu wa wenzo, upana wa msingi, kiasi cha mzigo au mwelekeo wa mwili.

Katika mkao wa mti, ambapo mtu husimama kwa mguu mmoja, mzee anayeyumba anaweza kuacha vidole vya mguu wa pili viguse sakafu na kuegemeza mkono ukutani. Msingi umepanuka, naye bado anajifunza usawa, jambo linalomkinga dhidi ya kuanguka.

Kurekebisha hakumaanishi kudekeza. Mwaka wa 1892, daktari Mjerumani Julius Wolff alieleza kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Misuli na kano nazo huimarika kwa kupewa kazi. Kwa hivyo mzigo uliopunguzwa leo unafaa kuongezwa kidogo kidogo kadiri mwanafunzi anavyopata nguvu.

Mwalimu naye ana mpaka wake. Maumivu makali, ganzi au kizunguzungu ni mambo ya kumpeleka mwanafunzi kwa daktari.

Msomaji anayetafuta darasa anaweza kumpima mwalimu kabla ya kulipa karo. Je, anauliza kuhusu majeraha, maradhi na umri? Je, ana njia ya pili kwa asiyeweza ya kwanza? Na je, mwanafunzi akisema anaumia, mwalimu humwambia avumilie au humsogezea kiti? Anayesogeza kiti ndiye wa kufuatwa.