Mwaliko wa Sabato: Sababu ya Wayahudi kuhitaji watu kumi ibadani

KATIKA makutano ya barabara za University Way na Uhuru Highway jijini Nairobi lipo jengo ambalo maelfu ya wakazi hulipita kila siku bila kujua ni la nini. Hilo ndilo sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi wa Nairobi. Jumuiya yao ilianzishwa mwaka wa 1904, sinagogi la kwanza likajengwa kati ya 1912 na 1913, na hili lililopo sasa likachukua nafasi yake mwaka wa 1955.

Kama zilivyo jumuiya nyingine za Kiyahudi duniani, mwaliko wa ibada ya Sabato kwa wanajumuiya na Wayahudi walio safarini si jambo la adabu tu. Kwa jumuiya yenye watu wachache, mwaliko huo ndio unaoamua iwapo ibada itakamilika au la.

Sheria ya Kiyahudi yataka wawepo watu wazima kumi ili sala ya pamoja iweze kusaliwa kwa ukamilifu. Idadi hiyo huitwa minyani. Katika madhehebu ya Kiothodoksi wanaohesabiwa ni wanaume waliotimiza umri wa miaka 13. Katika madhehebu mengine wanawake nao huhesabiwa. Pasipo watu kumi, kila mmoja aweza kusali peke yake, lakini Torati haisomwi hadharani kwa utaratibu wake kamili, na baadhi ya sala huachwa.

Miongoni mwa sala zinazoachwa ni Kadishi, ambayo aliyefiwa huisoma kwa heshima ya marehemu. Kwa desturi, mtoto aliyefiwa na mzazi huisoma kwa muda wa miezi 11. Iwapo waliohudhuria ni tisa, mfiwa huyo hurudi nyumbani bila kuitamka. Ndiyo maana mgeni Myahudi anayepita Nairobi kwa kazi au utalii akifika sinagogini hupokewa kwa furaha kubwa. Huenda yeye ndiye wa kumi.

Sabato huanza Ijumaa jua linapotua na kumalizika Jumamosi usiku nyota tatu zinapoonekana. Hesabu hii si ngeni kwa Waswahili, ambao nao kwa jadi huanza siku mpya magharibi, na ambao saa yao ya kwanza ya usiku hufuata kutua kwa jua. Waadventista Wasabato pia huanza Sabato yao magharibi ya Ijumaa.

Kwa kuwa Nairobi iko karibu na Ikweta, jua hutua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, hivyo wakati wa ibada haubadiliki sana. Mjini London, kinyume chake, Sabato huweza kuingia kabla ya saa kumi alasiri mwezi Desemba, na baada ya saa tatu usiku mwezi Juni. Kwa sababu hiyo matangazo ya sinagogi popote pale hutaja kwanza wakati wa kuwasha mishumaa, ambao kwa desturi ya wengi ni dakika 18 kabla ya jua kutua.

Baada ya sala ya jioni hufuata chakula. Hubarikiwa kikombe cha divai, kisha mikate miwili iliyosukwa, ambayo ni ukumbusho wa mana iliyoshuka maradufu siku ya Ijumaa jangwani. Asubuhi ya Jumamosi husomwa sehemu ya Torati ya juma hilo. Vitabu vyake vitano vimegawanywa katika sehemu 54, na usomaji wote hukamilika kwa mwaka mmoja. Sabato huagwa kwa divai, manukato kama vile karafuu, na mshumaa wenye tambi kadhaa.

Mgeni asiye Myahudi hahesabiwi katika minyani, lakini aweza kukaribishwa. Atarajie kuvaa mavazi ya heshima, na ikiwa ni mwanamume kufunika kichwa. Katika sinagogi la Kiothodoksi wanaume na wanawake huketi mbalimbali. Simu, kamera na kalamu havitumiki siku hiyo, wala sadaka ya fedha haikusanywi.

Hata hivyo, haifai kufika bila taarifa. Mnamo Novemba 28, 2002 hoteli iliyomilikiwa na Waisraeli huko Kikambala, Pwani ya Kenya, ilishambuliwa kwa bomu, wakafa Wakenya 10 na Waisraeli watatu. Kutokana na visa vya aina hii, masinagogi mengi duniani humtaka mgeni ajitambulishe mapema na kubeba kitambulisho. Hivyo jumuiya inayohitaji watu hulazimika pia kulinda lango lake.

Wayahudi wa Kenya hawakuwa wachache hivi siku zote. Mwaka wa 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza wapewe makao katika uwanda wa Uasin Gishu, pendekezo ambalo kongamano la Wazayuni lilikataa mwaka wa 1905. Katika miaka ya 1930 walifika wakimbizi waliotoroka utawala wa Hitler. Israel Somen alikuwa Meya wa Nairobi katika miaka ya 1950. Baada ya uhuru wengi walihamia nchi nyingine.

Katika nchi jirani ya Uganda, idadi ilipungua kwa sababu nyingine. Jumuiya ya Abayudaya, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu karibu na Mbale mwaka wa 1919, ilipigwa marufuku kuabudu wakati wa utawala wa Idi Amin. Waliosalia walikutana kwa siri hadi alipong'olewa mwaka wa 1979. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alitawazwa kuwa rabi nchini Marekani mwaka wa 2008, na katika sinagogi lao la Nabugoye wanawake huhesabiwa katika watu kumi.

Mbali na Sabato, jumuiya hukutana kwa ajili ya sikukuu: Mwaka Mpya, Siku ya Upatanisho, Sikukuu ya Vibanda, Hanuka, Purimu, Pasaka na Sikukuu ya Majuma. Kalenda yao hufuata mwezi, lakini huongezewa mwezi mmoja mara saba katika kila miaka 19, hivyo sikukuu hazihami majira kama zinavyohama zile za Kiislamu.

Usiku wa Pasaka, kabla ya masimulizi ya kutoka Misri kuanza, mwenye nyumba hutamka kwa Kiaramu maneno ya kumwalika kila mwenye njaa aje ale. Katika jumuiya kubwa maneno hayo huenda yakaonekana kuwa ya desturi tu. Katika jumuiya ndogo kama ya Nairobi, nafasi iliyo wazi mezani yaweza kuwa ndiyo ya mtu wa kumi.